Saa Nyepesi ya Baba Mkwe

Kwenye orodha ya mahari baba wa mchumba wangu aliandika saa ya mkono kati ya mfuko wa chumvi na koti la shangazi. Kulikuwa pia na suti moja ya abakosi yake mwenyewe, vitenge vya mama na mbuzi wawili. Vyote hivyo nilivipata polepole, kwa mwaka mmoja na zaidi. Saa peke yake sikuhangaika kuitafuta, kwa sababu nilikuwa nayo tayari, na nilijua hakuna mtu mtaani kwetu Kampemba aliyekuwa na saa kama ile.

Niliipata kwa mhandisi mmoja mzungu wa migodi ya shaba. Nilikuwa natunza bustani yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikimbia akizunguka uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba za wakubwa. Mwanzoni alijipima mwenyewe, kisha akachoka kutazama saa huku anahema, akanifundisha mimi. Ukibonyeza kitufe cha juu, mshale mwembamba unaondoka. Ukikibonyeza tena, unasimama. Kitufe cha chini kinaurudisha kwenye sifuri. Ndani ya uso wa saa mlikuwa na duara tatu ndogo, za sekunde, dakika na masaa. Nilisimama karibu na goli, naye kila alipopita nilibonyeza na kuandika daftarini. Mimi naandika polepole, hivyo mara nyingine alikuwa amefika goli la pili nami bado nachora tarakimu.

Siku ya kwanza aliponipa niishike, nilikuwa kama mtu anayeinua ndoo akidhani imejaa maji, kumbe ni tupu. Ilikuwa kubwa lakini haikuwa na uzito. Rangi yake ilikuwa kijivu kama majivu, haing'ai, na haikuwa na baridi ya chuma. Mhandisi alicheka. Akaniambia chuma chake kinaitwa titani, ndicho wanachotengenezea vipande vya ndege, na kioo chake ni jiwe linalopikwa kiwandani. Akakikwaruza kioo kwa msumari mbele yangu. Hakikupata alama.

Mkataba wake ulipokwisha alinipa. Mkanda wa mpira ulikuwa umekatika, na alikwisha kununua saa nyingine. Alisema kidole changu kimeibonyeza mara nyingi kuliko chake. Sanduku na karatasi zake hakunipa, nami sikujua kuviomba. Fundi viatu alinikatia mkanda wa ngozi, nikaifunga saa kwenye kitambaa na kuiweka hadi siku ya mahari.

Baba wa mchumba wangu alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba tangu ujana. Baba yake yeye alitoka kaskazini pamoja na wajenzi wa reli. Katika barabara yao, mtu hakununua sufuria wala hereni kabla ya kumpelekea mzee huyu wa tanuru. Alikipima kitu kwenye kiganja, akakiweka shavuni asikie baridi yake, kisha akakigonga kwenye saruji na kusikiliza. Halafu alisema ni nini, na hakuna aliyebisha. Pete ya ndoa ya jirani mmoja aliihukumu kuwa shaba tupu iliyopakwa rangi, na jirani huyo alilala kwa kaka yake juma zima.

Tulienda Jumapili, baada ya misa. Kwa desturi mwoaji hasemi. Anakaa kwenye kiti kifupi, ameinamisha kichwa, na mtu wake anasema kwa niaba yake. Mtu wangu alikuwa mjomba, kaka wa mama yangu, ambaye kusema hakukumchosha. Mimi desturi hiyo ilinifaa. Tangu utoto, mtu mkubwa akinitazama sauti yangu hupotea.

Vitu vilitandazwa mkekani kimoja kimoja, na kila kimoja mjomba alikisifu. Saa ilipofika, baba yule aliipokea kwa mikono miwili. Nikaona kiganja chake kinapanda juu, kama changu siku ile. Akafumba macho. Akaiweka shavuni, akakaa hivyo kwa muda. Akainama, akaigonga kwenye saruji. Ilitoa mlio mdogo, kama wa kifungo kilichoanguka.

"Hii iko plastiki," alisema. "Bameipaka rangi ya chuma."

Mjomba alisema ilikuwa saa ya wazungu, ya injinia.

"Injinia gani? Mi niko ku tanuru tangu sina ndevu. Chuma yenye haina uzito, sijaiona. Chuma yenye haina baridi, sijaiona."

Shangazi wa mchumba wangu akanyoosha shingo aione. "Labda iko ya mutoto," alisema. "Tuichunge, tutamufungia mujukuu."

Watu walicheka, hata wa upande wetu. Neno titani lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilimtazama mjomba, naye alitazama mbuzi. Nyuma ya pazia la chumba niliona miguu ya mchumba wangu, imesimama tuli.

Baba yake hakucheka. Aliirudisha saa kwenye kitambaa na kukikunja vizuri. "Muntu mwenye ananidanganya juu ya saa," alisema, "atanidanganya juu ya mutoto wangu. Mubebe vitu vyenu."

Tukabeba. Mjomba alivuta mbuzi, mimi nikaweka mfuko wa chumvi begani, na watoto wa barabara ile walitufuata hadi kwenye lami. Mjomba alisema njia nzima. Nilimsimamisha mbele ya watu na kipande cha sahani ya plastiki ya watoto, alisema. Kwa nini sikufungua mdomo?

"Wewe njo uliniambia nisiseme," nilimjibu.

"Nilikuambia usiseme ujinga," akasema.

Nilimwona mchumba wangu siku ya tatu, kwenye geti la shule, mahali alipouza mandazi. Alinipa moja, akaendelea kuwahudumia wanafunzi huku anasema nami bila kunitazama. Mama yake alijaribu, katekista alijaribu, baba alikuwa anajibu tu kwamba mkono wake haujamdanganya hata siku moja. Na dereva mmoja wa basi dogo alikwisha kumtuma kaka yake kuomba siku ya kuja kuposa.

"Kesho saa tisa baba eko peke yake ku jiwe yake, ananoa visu," aliniambia. "Kuya, umuambie. Kila chuma iko na cheche yake."

Nilimwambia kwamba mwoaji haendi peke yake kwa baba mkwe. Ni kukosa heshima.

"Hauko mukwe wake. Alikukatala. Enda sawa muntu mwenye kunolesha kisu." Kisha akanitazama. "Ukinyamaza tena, mi nitaolewa na mwenye kusema."

Kesho yake nilienda na kisu cha mama yangu. Saa ilikuwa mfukoni. Jiwe lake la kunolea mzee alilifunga kwenye fremu ya baiskeli, akikanyaga pedali linazunguka kwa kasi. Alikuwa amevaa miwani ya kazini. Aliniona, hakunisalimu, akanyoosha mkono kuomba kisu. Alikinoa vizuri, pande zote mbili, cheche nyekundu zikianguka miguuni. Akanirudishia. Mimi sikuondoka.

"Uko na ingine?" aliuliza.

Nikatoa saa. Nikaigeuza, mgongo wake juu. "Iko hii, baba," nilisema. "Ku mugongo yake."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia. Aliitazama saa, akanitazama mimi.

"Plastiki itayeyuka," alisema.

"Iyeyuke."

Alikanyaga pedali mpaka jiwe likaanza kulia, akagusisha ukingo wa nyuma wa saa. Cheche zilitoka nyeupe. Si nyekundu kama za kisu, wala njano. Nyeupe kama za mtu anayechomelea, nazo ziliangaza miwani yake yote. Aliacha kukanyaga. Jiwe lilizunguka lenyewe hadi likasimama. Akapitisha dole gumba kwenye alama, kisha akakanyaga tena na kugusisha mara ya pili, ingawa alikuwa amekwisha kuona. Mara hiyo ya pili iliniuma. Ile ya kwanza niliikubali mwenyewe.

"Inaitwa namna gani?"

"Titani, baba. Banatengenezea ndege."

"Kwetu haichimbwe."

"Haichimbwe."

Mtoto wa jirani aliingia kuchukua panga la baba yake. Mzee alifunga kiganja, saa ikapotea ndani yake, akampa mtoto panga kwa mkono mwingine. Alingoja mpaka mtoto alipotoka. Kisha akavua miwani.

"Bote balinisikia," alisema. "Bakwetu na bakwenu."

"Ndiyo, baba."

"Wewe unajua kama mi nilikosea. Na mi najua." Aliifuta saa kwa pindo la shati lake. "Lakini kuita bantu nibaambie, sitaweza. Kesho nani ataniletea kitu nipime? Leta saa ingine. Ya sokoni, ya nzito. Mwambie mujomba yako, siku ya Mungu."

"Na hii?"

"Hii iko yako. Mi nikiivaa, bataniuliza."

Nilienda nyumbani kwa miguu, ingawa ni mbali. Nilikuwa na furaha na pia nilikuwa na hasira. Alama ilikuwa ndefu kama punje ya mchele, inang'aa kuliko saa yenyewe. Kumpata binti yake kulitaka nikubali kuwa yule aliyeleta plastiki. Nilifikiri kukataa. Nilifikiri kumwambia mjomba kila kitu, naye angekisimulia kwenye kila baa hadi mtaa wa Katuba. Kisha nilimfikiria mzee yule na watu wa barabara yake, wanaokuja na sufuria zao, na kiganja chake kilichokuwa kimefungwa.

Mjomba nilimwambia tu kwamba tumeruhusiwa kurudi na saa nyingine.

"Kumbe ilikuwa plastiki," akasema.

Nilinyamaza, naye akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Kwa siku mbili hakusema nami.

Saa ya sokoni ilikuwa kubwa, nzito, ya rangi ya dhahabu, na ilikimbia mbele dakika nne kila siku. Jumapili tulitandaza tena vitu mkekani, na ilipofika zamu yake watu wote walisogea. Mzee alifumba macho, akaipima. Akaiweka shavuni. Akaigonga kwenye saruji, na ililia vizuri.

"Hii njo saa," alisema.

Alikuwa ananitazama mimi alipokuwa anasema. Alijua thamani yake kuliko mtu yeyote pale, na akaivaa mbele ya wote, akafunga mkanda kwa meno.

"Leo hajaleta ya mutoto," alisema shangazi, na watu wakacheka. Nikainamisha kichwa. Mzee alimgeukia dada yake, akamwambia inatosha. Kisha akaelekeza kidole kwa mbuzi waliofungwa kwenye mti wa mpapai.

"Mbuzi moja tunachukua. Ingine barudi nayo."

Shangazi alisema orodha ilikuwa na wawili. Mama wa mchumba wangu aliuliza kama yule mwingine ni mgonjwa.

"Nimesema moja," alijibu.

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mzee, mimi, na mchumba wangu nyuma ya pazia. Mjomba alisimama haraka kushukuru kabla mzee hajabadili mawazo, akasema maneno mengi mazuri, kisha akaomba siku ya harusi. Mzee alitaja Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mchumba wangu alikuja na sinia ya vinywaji. Alipiga magoti mbele yangu kama desturi inavyotaka, akanipa glasi.

"Cheche aliziona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliziona."

"Na hakubaambia bantu?"

"Ameniambia mimi," nilisema.

Aliinua sinia. Kisha akasimama, akaenda kumpa mjomba glasi yake.