Mahali pa Mama Kula

Mume wangu Kimeu aliendesha lori la saruji kati ya Nairobi na Mombasa kwa miaka kumi na moja, na hakuna kitu kilichompa kiburi kama kujua mahali pa kula njiani. Akiwa nyumbani kwetu Umoja, wanaume wa ploti tuliyopanga walikaa naye nje jioni wakimsikiliza akitaja hoteli moja baada ya nyingine: wapi supu ni nzito, wapi chapati ni laini, wapi usikubali kupewa samaki. Nami nilisikiliza huku nikifua. Nilikuwa mke wa mtaalamu.

Kwa hiyo Agosti ya mwaka 1979, tulipokuwa tukimrudisha mama yangu kwake Kibwezi kwa gari la kuazima, nilipochemsha viazi na mayai ya kubeba, Kimeu aliona nimemtukana.

"Mama Ndindi, mimi nibebe chakula kwa barabara yangu? Wewe panda gari."

Viazi vikabaki kwenye sufuria. Mpaka leo sijajisamehe, ingawa lawama kubwa ni yake na nilimwambia hivyo.

Mama yangu, Nthambi, alikuwa amekaa kwetu wiki tatu akitibiwa ugonjwa wa sukari. Kila alfajiri Adhiambo, nesi wa mlango wa pili, alimdunga sindano, na kila alfajiri alirudia maneno yale yale: "Sindano ikiingia, chakula ifuate. Asipokula, sukari itaisha mwilini na hii dawa itamwangusha." Kimeu akiwa safarini hilo halikuwa taabu. Lakini kwetu Ukambani mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake. Hata kutazamana usoni ni kukosa adabu. Wakikutana njiani, mmoja hukwepa. Na sisi tulikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati. Asubuhi ya safari sindano ilishaingia, na Kimeu alikuwa upande wa pili wa pazia akifunga viatu. Nilimpa mama uji, niliporudi nikakuta kikombe kitupu, nikaridhika.

Tuliondoka saa kumi na mbili. Mama alikaa nyuma pamoja nami na watoto, Ndindi wa miaka minane na Matheka wa mitatu, amejifunika leso hadi machoni kwa ajili ya kile kioo cha dereva. Kimeu, kusema haki, alikuwa amekigeuza kikatazama juu. Alitegemea vioo vya pembeni tu.

Tulipofika Sultan Hamud watoto walikuwa wanalia njaa. Kimeu alipunguza mwendo mbele ya hoteli moja, akachungulia, akaongeza moto.

"Hapo si mahali ya watoto. Ni baa."

"Na ile?"

"Hiyo ina walevi tangu asubuhi."

Ikaja Emali. Kwenye hoteli ya kwanza mwanamke aliyeketi mlangoni alimpungia Kimeu mkono kwa furaha nyingi kuliko nilivyopenda. Shingo ya mume wangu ikalowa jasho. "Mbele iko nzuri," akasema, na nyumba za Emali zikaishia nyuma yetu. Ndipo nikaelewa. Miaka kumi na moja ya utaalamu, na hakuna hata mlango mmoja ambao angeweza kuingia na mke, watoto na mkwewe. Hasira ilinipanda, nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia tukifika. Nilikuwa nimeshughulika nayo sana, sikumwangalia mama.

Kama maili kumi mbele, kichwa chake kiliangukia begani kwangu. Leso yake ilikuwa imelowa chapachapa na mikono inatetemeka. Alianza kuzungumza na dada yake aliyekufa zamani, akimwambia amfunge ndama.

"Mwaitu," nikamwita, "ulikunywa uji?"

Akaendelea kumwita dada yake. Ndindi ndiye aliyeanza kulia, akimtazama bibi yake.

"Susu alinipa mimi. Alisema Baba atamsikia akimeza."

Kimeu alisikia. Hakugeuka, lakini gari lilianza kuunguruma kwa namna ambayo gari la kuazima halipaswi kuunguruma. Nje hapakuwa na duka wala nyumba, ni miiba na vumbi. Mama yangu alikuwa anakufa mikononi mwangu kwa ajili ya adabu, na ndani ya gari hapakuwa na hata punje ya sukari.

"Kuna kwa mama mmoja, Wangu, kabla ya stesheni ya Simba," Kimeu akasema.

"Kwa nini hukupataja?"

"Si hoteli. Ni mabati tu, yetu sisi madereva."

Nilimwambia anyamaze aendeshe. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kila nilipomwita mama, jibu lilichelewa zaidi, kisha likakoma.

Kibanda kilikuwa na meza moja na benchi mbili. Kimeu alifungua mlango wa nyuma, akasimama, na nikamwona akisita. Kumgusa mama mkwe si jambo dogo. Kisha akaingiza mikono, akambeba kama mtoto, akakimbia naye ndani.

Wangu, mama mnene wa Murang'a, hakuuliza maswali. Alikoroga sukari kwenye maji ya vuguvugu akanipa kikombe. Nilikiinamisha haraka mno, nikamwaga yote kifuani mwa mama. Akakoroga tena. Safari hii Kimeu alikichukua yeye, akakilaza kichwa cha mama kwenye mkono wake, akaanza kumdondoshea kwa kijiko. Kijiko, anangoja ameze. Kijiko, anangoja. Sijui ilichukua muda gani. Watoto walikuwa wamenishika sketi na mimi nilikuwa naomba Mungu kwa sauti.

Mama alifumbua macho. Akauona uso wa mkwewe, karibu, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Akavuta leso polepole akajifunika.

"Mbuzi," akasema ndani ya leso.

Kwetu, mwenye kuvunja heshima hiyo hulipa mbuzi. Kimeu alikuwa anatazama sakafu na machozi yanamtoka.

"Nitaleta, mwaitu."

Wangu, ambaye kwao pia mambo haya yanajulikana, alitundika leso kwenye kamba katikati ya kibanda. Mama alikula maharagwe na chapati mbili nyuma yake. Kimeu alitoka, akaketi juu ya jiwe, akaupa mlango mgongo mpaka mama alipomaliza.

Desemba alipeleka mbuzi. Mama alimla nyuma ya mlango.

Kwa miaka saba kila tulipomchukua au kumrudisha tulisimama kwa Wangu, yeye ndani, Kimeu juu ya jiwe. Sijasikia tena habari za hoteli za supu nzito.

Mama alifariki mwaka 1986, usingizini. Tulipotoka kumzika tulisimama kwa Wangu. Niliingia na watoto, tukaagiza, na chakula kikaja. Nafasi ya Kimeu kwenye benchi ilikuwa tupu. Nilitoka nikamkuta juu ya jiwe lake, mgongo kwa mlango.

"Baba Ndindi, ingia ule. Hakuna mtu wa kumwonea haya tena."

Hakugeuka.

"Mwache amalize kwanza," akasema.