Tawi Nililosema ni Zima

Asubuhi ile mke wangu aliupaka msumeno mafuta, akaniambia nisijikokote kama bibi harusi, jua litatukuta njiani. Nikamwambia goti linauma.

"Goti lako linauma siku za kazi tu, mzee."

Nikacheka, nikabeba ngazi.

Kazi yake ilikuwa kukata virukia kwenye miti ya watu. Kirukia hakioti ardhini. Ndege huacha mbegu juu ya tawi, ikanata, ikazamisha mzizi ndani ya mti na kuanza kunyonya. Tawi linadhoofika, ncha inakauka, chenyewe kinabaki kijani. Wengine huchuma majani yake wakadhani wamemaliza. "Huko ni kukinyoa tu," alikuwa akisema. Yeye alikata tawi lenyewe, mkono mzima chini ya pale kilipouma. Mtaani walimwita Mama Msumeno. Watoto wetu watatu walisoma kwa msumeno huo.

Goti liliponiachisha uashi, nikawa mshika ngazi wake. Nilikuwa pia macho yake. Aliye juu haoni tawi lote, kwa hiyo kabla ya kukanyaga aliniuliza, nami nikitazama kutoka chini namwambia: zima, au kavu.

Siku hiyo tulikuwa kwenye mparachichi wa mwalimu mmoja mstaafu. Mwalimu alikuwa ameshatoa birika la chai barazani. Mimi nilikuwa naliangalia birika.

"Hili vipi, baba watoto?"

Nikainua macho mara moja. Nikaona kijani.

"Zima. Kanyaga."

Kijani kile kilikuwa cha kirukia. Miaka thelathini na nane nimelala na kuamka na mtu anayevijua virukia kuliko wote, na sikutofautisha jani na jani. Tawi likakatika naye.

Alikaa hospitali siku nne. Watoto walipofika, mkubwa akaniuliza, "Baba, ilikuwaje?" Nikafungua mdomo. Mama yao akanitangulia kujibu. Nikaufunga.

Nilinyamaza pale kitandani, nikanyamaza na makaburini. Mpaka leo watoto wananipa pole, wanasema mama yao alikuwa mbishi. Hakuwa mbishi. Aliniuliza, nikamjibu, akaniamini. Nataka walijue hilo kutoka kwangu nikiwa hai.

Siku ile aliwaambia hivi: "Msimsumbue baba yenu. Alinikataza, mimi nikakanyaga."