Unga wa Muhogo Juu ya Ekseli

Sisi tuliolelewa Kasongo karibu na karakana tulifundishwa kushuku chuma kabla ya kufundishwa kusoma. Wa umri wangu watakumbuka mota ya mazutu, yaani dizeli, iliyosikika mpaka sokoni, na harufu ya mafuta yanayoungua juu ya chuma cha moto. Ile ilikuwa mashine ya Papa ya kukereza chuma, ambayo kila mtu aliiita turu. Kampuni moja ya pamba iliitelekeza ilipofunga kazi, Papa akaifufua.

Turu inakata chuma kwa kisu kidogo kigumu, na kisu hicho kinashikwa na kipande kingine cha chuma tulichokiita kishikio. Vishikio vya kiwandani viliisha kabla sijazaliwa. Papa alitengeneza vyake mwenyewe, kwa chuma cha kamio, yale malori makubwa, zilizokufa kwenye barabara ya Kabambare. Kishikio kikivunjika mashine ikizunguka, kinarusha kisu kama jiwe la manati. Ndiyo maana Papa hakuamini chuma chochote, wala mtu aliyekileta.

Vyuma vya kujengea nyumba hakutaka hata viingie uani. Alisema vimeyeyushwa kwa takataka za kila aina, huku laini, kule vigumu. Chuma cha kumimina, kama kile cha miguu ya cherehani za zamani, alikigonga mara moja, kikalia kama chungu kilichopasuka, akakitupa. Resori za kamio, zile springi za chini, aliziheshimu, lakini zilikuwa nyembamba. Alichokitafuta hasa ni ekseli, ule mhimili mnene unaozungusha magurudumu ya nyuma. Aliitundika kwa kamba, akaigonga na kusikiliza. Akaipitisha tupa. Kisha akaigusisha kwenye jiwe la kunolea na kutazama cheche. Zikiwa ndefu na kupasukapasuka mwishoni, alikohoa kidogo. Sifa kubwa zaidi ya hiyo hakuwa nayo.

Kipimo cha mwisho kilikuwa unga. Ekseli iliyobeba mizigo miaka mingi inaweza kuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Papa aliilaza kwenye petroli ya taa, akaifuta mpaka ikakauka, akaipaka unga wa muhogo, ule ule wa bugali. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani inatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya unga mweupe. Mama alinung'unika kila mara.

“Papa Zaina, watoto wanakula nusu sahani, chuma inakula kilo!”

“Watoto hawatanirukia ku uso,” Papa alijibu.

Zaina ni mimi. Kulinda unga ilikuwa kazi yangu, kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri na, kama Papa alivyosema, sikuwa na maneno mengi. Nilikaa mpaka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iive, kisha nikamwita.

Aliyeleta chuma mara nyingi alikuwa Papa Saleh wa Nyangwe. Alikuja kwa velo, baiskeli yake ya zamani, chuma kimefungwa nyuma, jasho likimtoka. Alikuwa rafiki ya Papa tangu ujana, lakini hilo halikumpunguzia maswali.

“Saleh, hii ilifanya kazi gani mbele ya kuja kwangu?”

“Ilibeba kamio toka Bukavu. Miye nikaibeba toka Nyangwe. Haijalalamika, miye ndiye nalalamika.”

“Chuma yenye hailalamike ndiyo naogopa.”

“Weye utaogopa hata chai ya bibi yako!”

“Ile naangaliaka vizuri mbele ya kunywa,” Papa alisema, na wote wawili wakacheka, Mama akiwasonya kutoka jikoni.

Siku moja Papa Saleh alileta ekseli iliyolia vizuri na kutoa cheche nzuri. Papa akaipaka unga, akaniacha nayo kivulini, akaenda kutafuta mazutu. Wasichana wenzangu walikuwa wanacheza nzango nyuma ya nyumba. Mnakumbuka nzango, miguu hewani, makofi, wimbo? Upande wangu ulikuwa unashindwa, wakaniita. Nilisema ni mara moja tu.

Niliporudi, kuku wa Mama walikuwa wamekula unga wote. Mmoja alisimama juu ya ekseli na kuniangalia kana kwamba mimi ndiye mgeni, na alikuwa ameacha mavi yake pale pale. Niliogopa fimbo. Nikaosha chuma kwa sabuni na maji, nikakisugua, nikakikausha kwa kikwembe changu cha kiunoni, nikachota unga mpya jikoni na kukipaka tena, bila kukirudisha kwanza kwenye petroli. Papa alipofika, kilikuwa cheupe kote.

“Umekaa hapa?”

“Ndiyo, Papa.”

“Hakuna mustari?”

“Hakuna.”

Sikuona mstari wowote, kweli. Sikuwepo.

Akakata kipande, akatengeneza kishikio kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Siku ya tatu, akikereza mhimili wa kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, wa mtu wa Lusangi, tulisikia mlio mmoja mkavu. Mota iliendelea kunguruma peke yake. Papa alitoka akiwa ameshika uso, na kati ya vidole damu inapita. Jicho la kushoto halikurudi tena.

Kitambaa kikiwa bado kichwani, aliomba vipande vya kishikio. Akavigeuzageuza karibu na jicho lililobaki. Nusu ya mahali palipovunjika iling'aa, nusu nyingine ilikuwa nyeusi, ya kutu ya zamani. Ufa ulikuwepo siku nyingi.

“Unga wangu haujadanganya hata mara moja,” alisema taratibu. “Na mutoto wangu alikaa pale. Basi kuna mutu aliziba ule ufa na nta, petroli isiingie.”

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja.

Papa Saleh alikuja kumpa pole, na samaki wa mto Lualaba ndani ya majani. Papa hakumkaribisha kiti. “Rudisha samaki yako,” alisema. “Siwezi kujua umeweka nini ndani.” Papa Saleh aliapa kwa Mungu. Papa akamgeuzia upande wa jicho lisiloona.

Neno lile lilifika sokoni kabla ya jua kuzama. Wakamwita Saleh wa Nta. Wachimbaji wa Kabambare walikuna kila chuma chake kwa kucha, hata nyundo mpya alizouza. Mwisho akaacha chuma, akabaki na kuuza chumvi, na hata chumvi watu walionja kwanza. Mimi nilinyamaza. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa urefu wa muda niliokwisha kunyamaza.

Papa amekufa mwaka huu. Siku ya arobaini, Papa Saleh alikuja, amezeeka, akakaa mwisho kabisa wa mikeka. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Nilimpelekea chai, nikapiga magoti, nikamwambia yote: nzango, kuku, sabuni.

“Kuku?” aliuliza.

“Kuku, Papa. Na miye.”

“Miye nilijua sikuweka nta. Usiniambie miye.” Akaonyesha watu kwa kidevu. “Ambia wale.”

Nikasimama mbele ya mikeka, nikasema tena, kwa sauti. Wengine walilia. Shangazi yangu mmoja aliniuliza pembeni mzee amenipa nini. Mpaka leo wapo wanaoamini nimelishwa kitu kwenye chai, ingawa mimi ndiye niliyeipika.

Siku hizi turu ni ya mdogo wangu. Ananunua fimbo za chuma zinazometameta, zimefungwa nailoni, kwa mtu asiyemjua. Nikimuuliza, mimi dada yake mkubwa, chuma hiki kilifanya kazi gani, anacheka: “Yaya, ni kipya, hakijaanza kazi!” Anakipiga picha, anaituma Bukavu kwa muuzaji, anajibiwa kwa alama ya kidole gumba, basi kimeshapimwa. Nikipita karakana nasimama nje, upande ambao kisu hakiwezi kunifikia.

Sisi wakati wetu tuliwajua waliotuuzia chuma, na wake zao, na watoto wao. Ukimshuku mtu, ulimshuku kwa jina, na nyumba yake uliijua. Kutoka kwetu mpaka Nyangwe ni siku moja kwa velo. Papa hakuipita tena njia ile mpaka kufa, na aliyeifunga ni mimi.