Nyumba Iliyolala Chini ya Lami

Kazini walimwita Bi Rula, na jina lilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyake. Kazi yake katika ofisi ya barabara ilikuwa kulaza rula ya chuma ya mita tatu juu ya lami, kupenyeza kabari ndogo yenye alama za vipimo penye uwazi, na kuandika barabara imebonyea milimita ngapi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini palikuwa na kipande kimoja, mita mia nne tu, ambacho akikikaribia moyo ulimwenda mbio kama wa mtu anayerudi kwao.

Na kweli alikuwa anarudi kwao.

Miaka kadhaa nyuma, mtaa alimozaliwa ulivunjwa kupisha majengo mapya. Mhandisi mmoja aliomba kifusi kisitupwe, kisagwe kiwe kokoto na kutandikwa chini ya lami kwenye nusu ya kipande kile, kwa majaribio. Nusu nyingine ikatandikwa mawe mapya ya machimboni. Kifusi kilipunguza gharama kwa karibu robo, maana hakikusafirishwa mbali. Ila kama kingedai viraka kila mwaka, unafuu wote ungeyeyuka. Bi Rula akakabidhiwa kupima kila mwaka, mvua zikikatika.

Alipenda kwenda saa za jua kali, magari yakiwa machache. Joto lilipopanda kutoka kwenye lami na ukingo wa barabara ukaanza kutetemeka kama uko chini ya maji, alihisi anatembea juu ya sakafu nyekundu ya kwao. Hapa kibarazani. Hapa chumba cha mama, na pazia linavuta pumzi dirishani. Hatua saba mbele, jikoni. Akisimama hapo alisikia, au alidhani anasikia, sufuria ikifunikwa. Mara nyingine alisahau kabari mkononi mpaka lori limpigie honi.

Siku moja alimsimulia dada yake mkubwa, fundi cherehani, naye akacheka mpaka uzi ukakatika.

"Jikoni? Mdogo wangu, mashine ilisaga mtaa mzima! Hapo unapopaita jikoni huenda ni choo cha yule jirani aliyekuwa akitukimbiza."

"Hata kama," alisema Bi Rula. "Ni choo ninachokijua."

Mwaka wa tisa ndio uliomtoa jasho. Upande wa mawe mapya ulikuwa umebonyea milimita saba. Upande wa kifusi nao ukasoma saba, nane, saba. Kisha mahali pamoja kabari ikaingia, ikazidi kuingia, hadi kumi na tisa. Akarudia. Kumi na tisa.

Aliketi ukingoni mwa barabara, amekufa moyo. Ofisini walikuwepo waliokwisha kuiita barabara ya takataka, nao walingoja namba kama hiyo tu. Angesogeza rula hatua mbili, nani angejua? Jua lilimlegeza. Akamwona mama yake amekaa mlangoni akichambua mchele, kichwa kimeinama, hana haraka. Mama akiunguza chakula alikuwa anasema mwenyewe kabla mtu hajaonja.

Aliandika kumi na tisa.

"Mama, hapa tumekwisha," alisema yule mhandisi aliyeomba kifusi, aliposoma daftari la Bi Rula. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza. "Wakubwa watasema kifusi kimeoza."

"Pachimbueni kwanza mwanangu, ndipo waseme."

Wakachimbua. Chini ya lami palikuwa na tope zito kama uji. Mtaro wa pembeni ulikuwa umeziba, maji yakarudi chini ya barabara miezi na miezi. Lakini hatua chache kando, palipokuwa pakavu, kifusi kilikuwa kimeshikana kama jiwe moja. Saruji yake ya zamani ilikuwa imeamka na kukamata tena. Mhandisi alipiga nyundo, nyundo ikadunda. Akacheka peke yake. Bi Rula aliona kipande cha sakafu nyekundu, kidogo kama kucha, kimeng'ang'ania katikati ya saruji. Alikigusa kwa kidole, akakiacha kiendelee na kazi yake.

Mtaro ulizibuliwa, shimo likafungwa. Mwaka wa kumi na mbili aliitwa kikaoni, na mkuu wa ofisi akamuuliza bila kuzunguka: waendelee au waache?

"Kwa barabara za mitaani, endeleeni," alisema. "Pande zote mbili zimechakaa sawasawa, na unafuu umebaki. Ila mitaro msiisahau. Kwa malori mazito, sijui."

"Hujui? Miaka kumi na miwili yote?"

"Sijapima, bosi. Na miaka kumi na miwili kwa barabara ni ujana tu."

Baadhi walicheka. Mkuu hakucheka, aliandika. Mitaa miwili ikapewa kifusi, na njia ya malori ikatengewa kipande cha majaribio, kokoto zake zikitoka kwenye bohari kuukuu lililobomolewa.

Bi Rula alikwenda kukipima kipande hicho asubuhi ya kwanza, lami ingali nyeusi na vuguvugu. Alitembea polepole, ametega sikio. Humo chini hapakuwa na mtu aliyemjua. Akapiga magoti, akalaza rula. Kabari haikupata pa kuingia.

Sifuri, akaandika, na tarehe.