Vitabu Vilivyosomwa Mezani

Hannah Mwihaki aliingia katika maktaba ya chuo kimoja cha uuguzi huko Upper Hill mwaka wa 1985 akiwa na ndoo na kitambaa cha kupangusia vumbi. Aliajiriwa kufagia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mume wake alikuwa amekwenda Nakuru kutafuta kazi na hakurudi tena, na Hannah akarudi Riruta kwa mama yake, kwenye kipande cha shamba alichoacha babake. Haikuchukua muda watu wa maktaba wakagundua kwamba mfagiaji huyu akipangusa rafu, vitabu vyote hurudi mahali pake, hata vile ambavyo wao wenyewe walikuwa wamevipanga vibaya. Wakampa kazi ya kurudisha vitabu. Baadaye alisomea cheti jioni, akawa msaidizi wa maktaba, na hapo ndipo alipokaa.

Hakuwa mtu wa maneno. Mwanafunzi akiuliza kitabu kiko wapi, Hannah hakumwonyesha kwa kidole. Aliinuka, akatembea naye mpaka kwenye rafu, akakitoa na kumpa mkononi. Kama palikuwa na kingine kizuri kuliko hicho, alimpa pia, kisha akarudi kitini kwake. Wanafunzi walimwita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya mitaani, na yeye aliitika.

Mwaka wa 2004 alikuja mkutubi mkuu mpya, Waweru, mwanamume aliyevaa tai kila siku na kutembea kama aliyechelewa. Wiki ya kwanza alimwita Hannah ofisini.

"Mama Hannah, hapa tuko na vitabu elfu tisa, na kwa siku wanaingia watu thelathini. Wale wengine mia tano wanajua tuko?"

"Wanajua. Wanapita hapo mlangoni wakienda kantini."

"Wanajua mlango. Hawajui kilicho ndani. Nataka wewe ndiwe uwaambie."

Hannah alikataa mara mbili, na mara ya tatu hakupata namna. Wanafunzi wapya walipofika, alipandishwa jukwaani ukumbini mbele ya watu mia mbili, mkononi karatasi aliyoiandika usiku kucha. Kipaza sauti kilipiga mluzi. Aliposema "karibuni" likatoka "kalibuni", na aliposema "rafu" likatoka "lafu", kama watu wengi wa kwao wanavyotamka. Safu za nyuma zikaanza kucheka. Kijana mmoja alirudia "lafu" kwa sauti, na ukumbi mzima ukacheka. Hannah alisoma mistari minne zaidi, akakunja karatasi, akashuka. Jioni hiyo alielekea nyumbani kwa miguu, akafika kituo cha Adams Arcade na kupita, akijirudia kichwani kila neno alilolikosea.

Lakini alikuwa ameambiwa afanye kazi, na alijua kuifanya kwa njia yake. Alikwenda ofisi ya masomo akaomba ratiba ya wadi: nani anakwenda wadi ya watoto wiki ijayo, nani anakwenda kwa akina mama, nani chumba cha upasuaji. Akanunua karatasi ya manila na kalamu nene. Akaandika kwa herufi kubwa: "Mnaoingia wadi ya watoto Jumatatu, vitabu vitano vya kuwasaidia viko rafu ya tatu kushoto. Njooni Jumamosi, mtavipata mezani." Akabandika kantini, kwenye milango ya mabafu ya hosteli, na pale wanafunzi walipopanga foleni kuchukua sare. Kila wiki aliandika nyingine.

Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Ya pili walikosa viti. Ilipofika katikati ya mwaka uliofuata, wanafunzi walikuwa wanasimama nje saa mbili kasoro wakingoja afungue. Waweru alimnunulia kile kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba, kinachohesabu watu, na Hannah akakaa nacho mlangoni. Watu mia mbili kwa siku, wakati mwingine zaidi. Hannah hakuwahi kusema kwamba amefurahi, ila mama yake pale Riruta aliona kwamba siku hizo anamaliza chakula chake.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Vitabu vilivyotafutwa sana vilikuwa vichache, kwa hiyo tangu viliponunuliwa vilipigwa muhuri mwekundu na havikuruhusiwa kutoka. Vilisomwa mezani. Mwanafunzi aliingia asubuhi, akasoma kwa muda wa saa nne, akatoka mikono mitupu, na kwenye daftari la kuazima hapakuwa na alama yake yoyote. Hannah alianza kuhesabu kila jioni vitabu vilivyoachwa mezani kabla ya kuvirudisha, na kuandika idadi katika daftari la shule la kurasa tisini na sita. Mwisho wa 2005 Waweru alipokuwa akiandaa ripoti ya bodi ya chuo, alimpelekea daftari hilo.

"Fomu haina mahali pa hii, Mama," Waweru alisema. "Wanauliza walioingia na vilivyoazimwa. Basi."

"Si unaweza kuandika hapo chini?"

"Nitawaeleza kwa mkutano. Usijali."

Mkutano ulikuwa Machi. Februari Waweru alipata kazi nzuri zaidi katika chuo kingine huko Parklands, akaaga kwa keki na soda, akaenda zake. Bodi ilikutana ikiwa na fomu peke yake.

Barua ilifika Aprili. Ilisema kwamba wasomaji wameongezeka mara saba huku vitabu vinavyoazimwa vikipungua. Maana yake, bodi ilisema, wanafunzi wanataka viti na meza, hawataki vitabu. Na kwa kuwa chuo kinapokea wanafunzi wa kujilipia mwaka huo, nusu ya maktaba itakuwa darasa. Kitabu chochote ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitano kitapelekwa stoo. Kompyuta ishirini zitaletwa, na majarida ya kitaalamu yatasomwa kwenye mtandao.

Hannah alichukua daftari lake akapanda ofisi ya mkuu wa chuo, Daktari Kihara. Alingoja kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba. Mkuu hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha kiti na kumuuliza habari za mama yake.

"Vitabu vinasomwa, Daktari," Hannah alisema. "Havitoki kwa sababu sisi tumekataza vitoke. Nimeandika hapa kila siku."

Mkuu alifungua daftari, akageuza kurasa tatu nne.

"Hii ni kazi nzuri sana. Lakini bodi imeamua kwa ripoti ya maktaba yenyewe. Nani alikuwa anahesabu watu mlangoni?"

"Ni mimi."

"Basi, Mama Hannah, hesabu ni zako. Mimi nitarudi kuwaambia nini?"

Hannah alichukua daftari lake. Alishuka ngazi akiwa amelishika daftari kifuani.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua vitabu vya kwenda stoo. Kwa wiki sita alifungua kila kitabu ukurasa wa nyuma, akatazama tarehe ya mwisho, na kile cha muhuri mwekundu hakikuwa na tarehe hata moja. Alijaribu kuviokoa vichache kwa kuvificha nyuma ya vingine. Karani aliyetumwa kusimamia aliviona, akavitoa bila kumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kama angemgombeza. Vitabu elfu tano na zaidi vilishuka katika maboksi ya karatasi za choo mpaka stoo chini ya jengo la utawala, palipokuwa na vitanda vilivyovunjika na mafaili ya zamani.

Kompyuta zilikuja kweli. Hannah alijifunza kuzitumia, polepole, kwa vidole viwili. Siku mtandao ulipokuwa mzuri aliona maajabu: makala ya madaktari wa nchi za mbali, ya mwezi uleule, ikifunguka mbele yake bila kupanda ngazi. Akaandika matangazo mapya ya manila kuwaalika wanafunzi. Lakini majarida yalihitaji paswadi, na paswadi ilikaa na Bwana Muchiri wa idara ya kompyuta, ambaye ofisi yake ilikuwa jengo jingine na ambaye hakutaka kuiandika mahali isije ikaibwa. Ilipobadilishwa, maktaba haikuambiwa. Wanafunzi walikuja na tangazo mikononi wakakuta kioo kinadai neno ambalo Hannah hakuwa nalo.

"Mathe, si umesema tuje?"

"Nimesema. Ngojeni nimtafute."

Wengi hawakungoja. Darasa la pembeni lilipoisha, waliingia kuchaji simu.

Mwaka wa 2007, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, alifika mwanamke aitwaye Nthenya. Alikuwa nesi kutoka Kitui, kazini miaka kumi na minne, aliyerudi chuoni kuongeza elimu. Alikuwa anaandika utafiti wake juu ya kifafa cha mimba. Alikuwa ameona akina mama watatu wakifa nacho katika zamu zake mwenyewe, na hakutaka kuandika jambo jingine.

"Kuna tasnifu moja mwalimu alinitajia," alisema. "Iliandikwa hapa, 1988, na mwalimu wa hapa. Alifuata akina mama mia mbili hospitali za wilaya. Mwandishi ameshafariki. Kwa kompyuta haiko."

"Haiwezi kuwa kwa kompyuta, ilipigwa taipu," Hannah alisema. "Iko na jalada la kahawia. Mimi ndiye niliyeiwekea namba."

Alichukua tochi akashuka stoo. Mlango ulipofunguka alisikia harufu kabla ya kuona kitu. Bomba lililopita ukutani lilikuwa limepasuka, hakuna aliyejua tangu lini, na maboksi ya chini yalikuwa yameloa mpaka yakalala ubavu. Alitafuta kwa saa mbili, akisogeza vitanda peke yake. Tasnifu ilikuwa boksi la pili kutoka chini. Jalada la kahawia lilibaki mkononi mwake alipoishika.

Kwa siku nne Hannah na Nthenya waliikausha. Waliweka karatasi nyeupe katikati ya kurasa, wakaitandaza dirishani, wakazitenganisha kwa kisu cha siagi. Utangulizi ulisomeka. Majina ya hospitali yalisomeka. Kuanzia sura ya tatu, yalipokuwa majedwali na maelezo ya akina mama wenyewe, kurasa zilikuwa zimeshikana kama tonge, na zilipotengana wino ulikuwa umehamia upande wa pili ukawa madoa.

"Hakuna nakala nyingine?" Nthenya aliuliza.

"Hapa hakuna."

Nthenya alitazama madoa yale. "Wale mia mbili," alisema, "waliulizwa maswali yote yale, wakajibu."

 Mwezi uliofuata Nthenya alibadilisha mada, kwa sababu tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imekaribia. Aliandika juu ya usafi wa mikono, akafaulu, akarudi Kitui.

Hannah alistaafu Septemba, akiwa na miaka hamsini na mitano. Nafasi yake haikujazwa. Mlinzi wa lango ndiye aliyepewa ufunguo wa kufungua asubuhi. Stoo ilisafishwa likizo ya Desemba, maboksi yakatupwa, naye alisikia habari hizo kwa simu.

Lakini kabla ya hapo, siku moja ya Novemba, alivaa koti lake la kanisani akaenda mjini, kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja. Alikuwa amewaza kwamba huenda mwandishi wa ile tasnifu aliacha nakala huko aliposomea. Mlangoni aliulizwa kitambulisho cha chuo.

"Nilikuwa mtu wa maktaba," alisema. "Miaka ishirini na miwili."

"Pole, Mama. Wewe si mwanafunzi, si mwalimu. Lete barua kutoka kwa chuo chako."

"Nimestaafu."

Msichana wa kaunta alimhurumia, akatoka akamuuliza jina la mwandishi na mwaka, akaingia kutazama. Hannah alingoja amesimama karibu na ukuta, watu wakimpita na kadi zao. Msichana alirudi baada ya nusu saa.

"Kwa orodha ipo, Mama. Nimeenda mpaka kwa rafu. Haiko, na hakuna aliyeiazima. Labda mtu aliiweka vibaya."

"Umeangalia rafu ya chini yake, na ya juu?"

"Sijaangalia. Nimeacha watu kwa foleni."

"Niruhusu niingie dakika kumi tu. Nitaiona."

Msichana alimtazama mlinzi, na mlinzi akatikisa kichwa. Hannah aliwashukuru wote wawili, akaomba namba ya tasnifu ile kwenye orodha, akaiandika kwenye kipande cha karatasi ili amtumie Nthenya, akashuka ngazi kwenda kutafuta gari la Riruta. Mama yake alikuwa amengoja chai tangu saa kumi.