Jina Chini ya Picha

Shemeji yangu Wendelin hakuwahi kumwogopa mdudu. Nasema mdudu, sisemi mtu. Alikuwa mrina asali, mizinga yake imetundikwa kuanzia Lumemo mpaka kule karibu na Kisawasawa, na nyuki wakimtambaa usoni anawapuliza tu kama vumbi, anaendelea na kazi. Alimwoa dada yangu Klementina. Basi nilikuwa na haki ya kumtania, na haki hiyo niliitumia vizuri. Nilimwita mume wa nyuki. Yeye aliniita mdomo usio na kizibo.

Lakini mbele ya mama yetu Wendelin alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwetu mkwe ni mkwe. Akimwona mama anakuja njiani, anaingia majanini mpaka apite. Hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na jina la mama halikutoka kinywani mwake hata kwa kuteleza. Kanisani alikuwepo mwanamke mwingine mwenye jina hilohilo, Wendelin alimwita "yule mama wa karibu na kisima". Watu walimcheka, hakujali. Mama heshima ile ilimkaa moyoni. Alikuwa akijigamba kwa wenzake: "Wakwe mnao, lakini si kama wangu."

Mwaka wa hamsini na saba akaja Ifakara mzungu mmoja mwembamba, watu wakamwita Bwana Wadudu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha nyuki, nyigu na siafu, kuzisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, kisha kuzipanga mezani na kuuliza wenyeji: huyu mnamwitaje? Kila jina aliloambiwa aliliandika chini ya picha. Walimwitia Wendelin. Nani mwingine angeitwa?

Siku ya kwanza alipata aibu ndogo. Aliwekewa picha ya mdudu mkubwa kuliko kidole gumba, amejaa nywele, ana meno. Akaruka kwenye kiti. "Dudu gani hili, Bwana? Bonde hili halina dudu kama hili!" Mpishi wa Bwana, Fridolin, ambaye masikio yake yalikuwa marefu kuliko mwiko wake, alicheka mpaka akashika ukuta. Dudu lenyewe lilikuwa chungu tu, wale wa kwenye sukari. Bwana akamweleza kwamba kamera yake inakuza. Picha nyingine ilipomshinda, Wendelin akasema, "Simjui huyu," na yule Bwana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, akaandika hivyohivyo, akidhani ndilo jina. Fridolin akaisambaza habari mpaka sokoni: sasa kuna nyigu anaitwa Simjuihuyu.

Wendelin alitoka pale na somo moja: picha inakuza. Akalishika somo lile kama katekisimu. Kila picha aliyowekewa aliipunguza kichwani mwake, na akawa anapatia. Sungusungu, majimoto, dondora, nyigu wa udongo, wote aliwataja, ingawa picha zilikuwa nyeusi na nyeupe tupu na mdudu mwekundu hakutofautiana na mweusi. Akaanza kutembea kifua mbele. Nikamwambia, "Shemeji, angalia usije ukapasuka." Akasema nina wivu.

Masika ile mama alikuwa na kifua. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na alichotaka ni asali ya nyuki wadogo, wale weusi wasiouma wanaojenga kijibomba cha nta mlangoni mwao. Asali yao ni dawa, kila mtu anajua, lakini mwaka ule ilikuwa haba. Siku moja Bwana akamwekea Wendelin picha ya shimo katika mkuyu uliokuwa nyuma ya shamba la mama, kule Idete. Mlangoni mwa shimo wapo wadudu, wadogo kama punje za ulezi. Wendelin akatazama. Picha inakuza, akasema moyoni, na hata ikikuza wako hivi, basi wenyewe ni wadogo mno. Akaona na kijiti kimejitokeza pembeni ya shimo, akakifanya kijibomba.

"Hawa ni nyuki wadogo, Bwana. Hawaumi. Hata mtoto mchanga atawachezea."

Ole wake! Picha ile Bwana aliipiga akiwa mbali, hakuikuza hata kidogo. Angekuwa pale mtini, Wendelin angeweka sikio kwenye gogo, angenusa, angejua kabla hajafumba jicho. Lakini alikuwa amekaa kwenye kiti cha mzungu, na kiti kilimkaa vizuri. Alimtuma Klementina kwa mama na maneno haya: asali yako iko nyuma ya shamba lako, moto hauhitajiki, yeye mwenyewe atapita baadaye na Bwana, mama akishaondoka, achukue nta.

Tulikwenda wawili, mama na mimi. Nilipiga shoka mara chache tu. Kilichotoka ndani ya mti ule sitaki kukieleza. Walikuwa nyuki wakubwa, wakali, wenye nyumba yao. Nilitupa shoka nikajibwaga kwenye maji ya mpunga. Mama walimwingia ndani ya nguo. Mtu akiingiwa na nyuki nguoni haulizi nani anatazama. Alitupa khanga, akavua gauni, akavua kila kitu, mama yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akasimama katika maji ya mpunga yaliyomfika magotini akijipiga kwa mikono na kuita watakatifu.

Hapo ndipo Wendelin alipotokea. Alisikia kelele akiwa barabarani na Bwana, akakusanya nyasi, akawasha mwenge, akaja mbio. Nilimwona. Alikuwa anakuja moja kwa moja katikati ya nyuki, hana hofu, moshi umemzunguka. Kisha akainua macho.

Alisimama kama aliyepigwa. Mwenge ukamtoka mkononi. Akajifunika uso kwa viganja, akageuka, akakimbia alikotoka, akamwacha mama anaumwa. Ni mimi niliyeuokota ule mwenge na kuuzungusha mpaka tukapata njia.

Sitamsingizia yule Bwana. Tulipofika kwenye kibanda cha shamba, mama amejifunga khanga yangu, alimtoa miiba na kibano kwa upole na kumpa vidonge. Macho ya mama yalikuwa yamefumba kabisa, midomo imetoka nje, shavu moja limekuwa mawili. Lakini Bwana alipomaliza akaenda garini akarudi na kamera, akampiga picha mama yangu pale alipokaa, kama vile naye ni mdudu. Hakuuliza. Mama hakuona, angeonaje? Niliporusha mkono kumfunika uso, kamera ilikuwa imekwisha kulia.

Jumapili kanisani walisema Wendelin kawakimbia nyuki. Mrina asali! Watoto walimpigia mlio wa nyuki nyuma ya mgongo. Akahamia kwenye dungu lake shambani, kile kibanda cha juu ya miti cha kufukuzia ndege, akawa halali nyumbani na haji mjini. Klementina alimpelekea ugali huko.

Mama alipopata nafuu alisema, "Hakukimbia nyuki. Alinikimbia mimi. Alifanya vyema, ndiyo adabu." Akangoja. Mkwe akiona kisichoonwa, huja na kuku mweusi, anakaa nje nyuma ya ukuta, anaomba radhi, mambo yanaisha. Mama alifagia ule upande wa ukuta kila asubuhi. Kifua kilikuwa kimerudi, mara hii kibaya zaidi. Alifagia, anakohoa, anapumzika, anafagia tena.

Badala ya kuku akaja Fridolin. Alileta maneno, kama kawaida yake. Bwana alimwita Wendelin mara ya mwisho kumaliza majina, akazipanga picha, na katikati ya nyigu na siafu ikawepo ile ya mama. Bwana akauliza, kalamu mkononi, "Na huyu, jina lake nani?" Wendelin akaitazama, akaigeuza kifudifudi, akasema, "Simjui." Na Bwana akaandika.

"Sasa shangazi," Fridolin akamalizia, hana hata aibu, "picha yako ipo na jina lake ni Simjui."

Nilimfukuza na mchi. Niliporudi ndani mama alikuwa ameelekea ukutani.

"Kusema hivyo alisema?"

"Mama, Fridolin ni mwongo."

"Si mwongo. Ni mmbea, hilo ni jambo jingine." Akavuta shuka mpaka mabegani. "Mwambieni asiniletee kuku. Kuku hupelekewa mtu anayejulikana."

Toka siku hiyo hakufagia tena. Na uji akawa anausukuma pembeni.

Nilitembea mpaka dunguni nikiwa nimefura. Niliita kutoka chini, "Wendelin! Shuka, mume wa nyuki, shuka nikutazame!" Akashuka. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia. Nilimpa yote. Nilimwambia mama hali kitu, nilimwambia anakufa kwa ajili yake, nilimwambia mbwa humjua aliyemlisha. Hakujitetea. Mwisho akasema:

"Ningesema nini, Scolastica? Kalamu iko tayari. Nilitaje jina la mkwe wangu? Mbele ya mpishi?"

"Ungesema ni mama mkwe wako!"

"Aandike hivyo? Asomaye ajue yule ni mkwe wangu, na uso ule nimeutengeneza mimi?" Akakaa chini kwenye matope. "Niliona haya. Mti niliutazama vibaya, mama nikamtazama, halafu nikaletewa tena nimtazame mezani. Niliona haya, basi."

Hasira ikaniishia, nikachukia kwamba imeniishia. Nikamwambia, "Inuka. Utayasema hayo kwake."

Alikuja na kuku. Alikaa nyuma ya ukuta uliokuwa haujafagiwa, nyumba kaipa mgongo, mimi na Klementina tumekaa mlangoni katikati yao. Akasema yote aliyoniambia, ila kwa sauti ambayo ilibidi nimwambie apaze. Mama alisikiliza. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

"Mkwe," mama akasema, "unanijua?"

"Nakujua, mama."

"Sitaki kwenda Ulaya naitwa Simjui. Nina jina, nilibatizwa nalo. Nenda kwa yule mzungu, ulitaje, aandike. Nakupa ruhusa mimi mwenyewe. Kosa si lako."

Wendelin akambana kuku aliyekuwa ameanza kuchakura. "Mama, mdomo hautakubali."

"Uambie ni mimi niliyeuambia."

Tulikwenda pamoja, kwa sababu sikumwamini. Njia nzima midomo ilikuwa inamcheza, nikajua anajifunza. Tulipofika nyumba ya Bwana mlango ulikuwa wazi, na Fridolin anafagia. Lori lilikuwa limekwisha kuchukua masanduku, picha zote, na Bwana mwenyewe, limekwenda Kilosa kwenye gari moshi. Vilivyobaki ni meza na kiti.

Nilitaka kulia. Wendelin hakulia. Alivua kofia, akaisogelea ile meza tupu, akasimama mbele ya kiti ambacho Bwana alikuwa akikalia. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Akafungua kinywa, kikafunga. Akakifungua tena.

"Emerensiana," akasema.

Fridolin akaacha kufagia. Hata yeye hakucheka.

Tulirudi, tukamnong'oneza Klementina nje. Wendelin akakaa pale pale nyuma ya ukuta, nyumba kaipa mgongo. Mama alikuwa amejiinua kwenye mto, macho yake kwenye mlango, ananingojea mimi niingie. Lakini hakuniuliza mimi. Aliuliza ukuta.

"Mkwe, umelitaja?"

Nilifungua mdomo, na Klementina akanikanyaga mguu.

"Nimelitaja, mama."

"Lote?"

"Lote."

Mama akashusha pumzi, akajilaza. Akasema tumpelekee mkwe wake chakula, na yeye aletewe ule uji. Klementina akamwekea Wendelin sahani nje, nami nikachungulia. Alikuwa anakula, kichwa kimeinama karibu kiguse wali, masikio yamewiva kwa haya, na kila mama alipokohoa mle ndani aliacha kutafuna mpaka amalize.