Usimpunguzie Mpigaji Nota Zake

Mwanangu, ninaikumbuka Jumamosi moja pale Nyamisangura, nikiwa mwalimu kijana niliyeletwa Tarime kutoka Singida. Bendi ya kanisa letu, tarumbeta, klarineti na ngoma, ilikuwa imezoea nyimbo za ibada na za maandamano. Mimi nikaitungia muziki usio na maneno, wa dakika kumi na mbili, ambao mapigo yake yalibadilika kutoka manne kwenda saba, kisha matano. Tulitakiwa kuupiga siku ya kufungua kanisa jipya. Wewe unayetunga kwa kompyuta utacheka, lakini niliandika kila nota kwa penseli.

Sehemu ngumu kuliko zote nilimpa Mzee Marwa. Alikuwa mfugaji, na katika bendi alipiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini. Miaka yote kazi yake ilikuwa kushikilia mapigo, bum, bum, wenzake wakipamba juu. Nikamwandikia mistari mitatu apige peke yake, bendi nzima imenyamaza.

Mazoezi ya kwanza alivurugika mapema. Ya pili vilevile. Vijana wa tarumbeta wakacheka chinichini. Nikajiambia namwonea huruma, kumbe nilikuwa naogopa aibu yangu mwenyewe. Wiki ile nikakaa ofisi ya walimu, nikafuta mistari yake, nikawapa vijana wa tarumbeta, yeye nikamrudishia bum bum zake. Sikumwambia.

Jumamosi akaja na baiskeli, tuba imefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Nikagawa karatasi mpya. Akaisoma yake taratibu, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Mwalimu, ile yangu iko wapi?"

"Nimerahisisha, mzee, usipate taabu."

"Nani amekwambia napata taabu?"

Akatoa mfukoni karatasi ya zamani, imechakaa kwa kukunjwa. Akapiga. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye mapigo saba alisimama, akarudia, akasimama tena palepale. Hakuna aliyecheka.

"Ni hapo tu," akasema. "Baba yangu alikuwa anapiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi, na mapigo yake yalikuwa yanakwenda hivi hivi. Nimekuwa nayapiga malishoni mpaka ng'ombe wamezoea. Nipe wiki mbili."

Kisha akanisogelea, akashusha sauti wengine wasisikie. "Ukiona jambo linanishinda, niulize. Usinipunguzie kimya kimya. Umenifanya mtoto mbele ya watoto."

Mwanangu, nilikosa pa kuweka uso. Nikamwomba radhi, na sikuishia kwake. Niliwaambia bendi nzima kwamba kosa ni langu. Kuanzia hapo kila jioni ya Jumatano nilikwenda nyumbani kwake, nikimhesabia mapigo kwa makofi.

Sitakudanganya kwamba siku ya kufungua kanisa tulipiga bila kosa. Klarineti walipotea, na wapo waliosema ni kelele. Lakini Mzee Marwa aliposimama peke yake, mistari yote mitatu ilitoka safi, na wazee wa Kikurya waliokaa nyuma wakaanza kutikisa mabega bila kuambiwa.

Basi sikiliza. Kama umeamua kutunga kitu kigumu, kitunge kigumu kweli, usikiogope katikati. Wape watu karatasi mapema, ukae nao wanapokosea. Pakihitajika kupunguzwa, mpigaji awe wa kwanza kujua, tena umsikie yeye kwanza. Mimi niliwahi kuamua peke yangu mwenzangu anaweza nini, na karibu nimnyang'anye kitu alichokuwa amekihangaikia.

Mungu akupe uvumilivu wa kukaa na watu mpaka waweze, na kazi ya mikono yako isimdharau mtu yeyote. Nenda kwa amani, mwanangu.